Maziwa yasiyo ya ng'ombe Dunkin', Starbucks na Tim Hortons: kubadilisha maziwa peke yake hakutoshi

Kahawa_Tupu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni kwa ndugu zetu walioko Marekani na Kanada ambao maziwa ya ng'ombe hayawakubali: wenye tumbo linalojaa gesi, wenye mzio wa kweli, wanaofunga, na walioacha kabisa vitu vya wanyama. Kila nyuzi za ughaibuni zikifunguka swali linarudi lilelile: nikiingia duka la kahawa la Dunkin' asubuhi niagize nini? Watu hujibu haraka "chukua oti" au "chukua lozi", yaani maziwa ya mimea hiyo, na mjadala unafungwa. Jibu hilo ni nusu. Unabadilisha maziwa, halafu maziwa yaleyale ya ng'ombe yanakurudia kupitia shira, povu la juu, unga wa chokoleti na donati yenyewe.

Nianze na kilichopo. Starbucks ndio wakongwe: soya tangu 1997, nazi 2015, lozi 2016, na oti matawi ya Marekani nzima Machi 2021. Dunkin' walianza na lozi 2014, wakaingiza oti ya chapa ya Planet Oat nchi nzima Agosti 2020, na nazi 2021 walipoleta vinywaji vya Coconut Refreshers. Oti na lozi ndizo za kutegemea Dunkin'. Nazi uliza tawi lako kabla ya kuipanga.

Bei: ile nyongeza ya maziwa ya mimea imeondoka. Starbucks waliifuta Marekani na Kanada tarehe 7 Novemba 2024, na Dunkin' wakafuata Marekani tarehe 5 Machi 2025. Angalizo moja: uamuzi wa Starbucks uliwahusu matawi wanayoyaendesha wenyewe. Vibanda vya viwanja vya ndege, hoteli na ndani ya supamaketi mara nyingi vinaendeshwa na wengine kwa leseni, kwa hiyo hapo soma risiti yako.

Sasa penyewe. Dunkin' kuna Flavor Shot na kuna Flavor Swirl. Majina yanakaribiana, vitu ni viwili mbalimbali. Shot ni ladha tupu, nyepesi kama maji, haina sukari wala maziwa. Swirl ni shira nzito tamu, na nyingi zimepikwa kwa maziwa mazito yaleyale ya kopo tunayoyajua. French Vanilla, Caramel, Hazelnut na Butter Pecan zote zina maziwa, na Pumpkin ya msimu pia. Swirl ya kudumu isiyo na maziwa ni Mocha. Sasa ona mtego: Hazelnut na French Vanilla zipo za aina zote mbili. Ukitamka "hazelnut" peke yake, mhudumu anaweza kukupa Swirl, na oti yako imeshakuwa na maziwa ya ng'ombe ndani. Taja neno zima, Hazelnut Shot, kisha ongeza sukari ya kawaida kama unataka utamu.

Starbucks mpango ni mwingine. Shira zao nyembamba (vanilla, hazelnut, caramel, brown sugar) hazina maziwa, na sosi ya mocha ya kawaida haina. Zenye maziwa ni sosi ya White Chocolate Mocha, sosi ya Pumpkin, na ile michirizi ya caramel wanayochora juu ya kikombe. Umeona? Shira ya caramel haina, mchoro wa caramel unayo. Ukiagiza Caramel Macchiato kwa oti, lazima useme pia mchoro wa juu uondolewe.

Povu baridi tamu la kawaida, linaloandikwa Sweet Cream kwa Starbucks na Sweet Cold Foam kwa Dunkin', lina maziwa ya ng'ombe. Krimu iliyopigwa hali kadhalika. Kubadilisha maziwa kwenye programu ya simu hakuliondoi povu. Ni mistari miwili tofauti kwenye oda, na kila mmoja unaugusa wenyewe.

---

Mtaa_wa_Worcester

Naongezea nyama mkuu, hasa kwa walioko New England: Massachusetts, Maine, Rhode Island na majirani zao. Huku neno "regular" kwenye kaunta ya Dunkin' maana yake ni kahawa yenye krimu na sukari. Mgeni anasema "regular" akimaanisha saizi ya kawaida, anapewa kikombe cheupe kwa krimu. Saizi taja kwa jina lake: ndogo, ya kati, kubwa. Kisha sema kahawa nyeusi, halafu ndiyo utaje oti au lozi.

Na saizi zenyewe ukipenda kupima sukari: kahawa ya moto ya Dunkin' ni aunsi 10, 14 na 20. Ya baridi ni 16, 24 na 32. "Ya kati" ya baridi ni karibu mililita 710, yaani zaidi ya mara moja na nusu ya "ya kati" ya moto. Watu hulinganisha vikombe hivi viwili kana kwamba ni kitu kimoja.

---

Lishe_Mezani

Asante Kahawa_Tupu. Niingie kwenye namba, maana maziwa haya manne watu huyachukulia kama ndugu wa tumbo moja na hayafanani hata kidogo.

Kwa kikombe cha mililita 240: maziwa ya ng'ombe yana protini gramu 8, soya kama 7, oti 2 hadi 3, lozi gramu 1, na nazi ya boksi karibu hakuna kitu. Ukitegemea kile kikombe kama kifungua kinywa, basi ni soya tu inayokaribia maziwa. Kwa Dunkin' soya si ya kutegemea, Starbucks wanayo. Ila soya ya Starbucks ya Marekani ni ya vanila na imeshatiwa sukari, hivyo ukiongeza na shira ya vanila unakuwa umeweka utamu mara mbili.

Oti nayo ina jambo lake. Kiwandani wanaisaga na maji halafu wanaweka vimeng'enya vinavyoukata wanga kuwa sukari, hasa maltosi. Ndiyo maana maziwa ya oti yana utamu hata kabla ya mtu kuweka kijiko. Kwenye boksi za Marekani sukari hiyo inaandikwa kama sukari iliyoongezwa. Oti za barista (zilizotengenezwa kwa ajili ya kahawa) zenye gramu 7 kwa kila mililita 240 ni za kawaida kabisa.

Tufanye hesabu. Late (espreso yenye maziwa mengi) ya Grande, saizi ya kati ya Starbucks, ni kikombe cha mililita 473. Toa espreso mbili, kama mililita 60, toa na nafasi ya povu, unabaki na maziwa kama mililita 350. Kwa oti ya gramu 7, hapo kuna gramu 10 za sukari kabla ya shira yoyote. Kahawa ya kawaida iliyotiwa oti mililita 45 ina gramu 1 na ushee tu. Kwa hiyo mwenye kisukari asiulize tu "oti au lozi". Aulize kwanza "late au kahawa ya kawaida". Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo.

Na Swirl za Dunkin': ya kati huwekewa pampu 3 kwa kawaida, na kila pampu inabeba kama gramu 10 za sukari au zaidi. Hata Mocha, ambayo haina maziwa, kwa sukari si ya mchezo. Omba pampu 1.

Lozi isiyotiwa sukari ndiyo nyepesi kuliko zote, kalori 30 hadi 40 kwa kikombe. Lakini ni maji yenye harufu ya lozi, kusema ukweli. Kwa kahawa ya baridi inafaa. Kwa kushibisha haifai.

---

Binti_Usambara

Naomba kuuliza wataalamu. Soya nikiitia kwenye kahawa ya moto inakatika, vipande vinaelea kama maziwa yaliyochacha. Boksi ni jipya, tarehe bado. Lozi pia wakati mwingine. Oti haifanyi hivyo. Kwa nini?

---

Jagi_la_Mvuke

Dada, boksi lako halina kosa. Kahawa ni chachu: kipimo chake cha asidi kiko kama pH 5. Protini ya soya huanza kushikana na kuanguka asidi ikikaribia pH 4.5, na joto kali linaharakisha. Ukitia soya baridi, kidogo, ndani ya kahawa inayochemka, tone la kwanza linakutana na asidi yote na joto lote kwa mpigo. Linakatika palepale. Ni kanuni ileile ya kutengeneza tofu, isipokuwa wewe hukuitaka.

Tiba zake, kwa mpangilio wa nguvu:

Geuza utaratibu. Maziwa yatangulie kikombeni, kisha kahawa imiminwe juu taratibu huku unakoroga. Protini inapokea asidi kidogokidogo.

Pasha maziwa kwanza mpaka nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi. Ukishika jagi, ni joto ambalo kiganja kinavumilia sekunde mbili tatu halafu kinataka kutoka.

Chagua kahawa iliyokaangwa zaidi. Ile nyepesi, ya rangi ya mdalasini, ndiyo chachu. Kahawa iliyolowekwa baridi kwa saa nyingi haina ukali mwingi wa asidi na haina joto, soya inakaa humo bila taabu.

Tafuta boksi lililoandikwa barista. Mara nyingi lina chumvi ya fosfati ya potasiamu kwenye orodha ya viambato. Hiyo kazi yake ni kuizuia asidi isibadilike ghafla. Nyumbani usipokuwa nayo, chembe ya magadi ya kuokea, ile inayobaki kwenye ncha ya kisu, ndani ya mililita 250 za soya inasaidia. Ukizidisha kahawa inapata ladha ya sabuni.

Oti haikatiki kirahisi kwa sababu protini yake ni kidogo na za barista zina fosfati na mafuta ya mbegu za rape. Mafuta hayo ndiyo yanayolipa povu lake ule ulaini.

Dukani huwezi kuamua mpangilio wa kumimina, lakini joto unaweza. Starbucks wana joto la vinywaji vya watoto, nyuzi 130 za Fahrenheit, sawa na 54 za Selsiasi. Ukichukua late ya soya au ya lozi, omba joto hilo. Kinyume chake, usiombe iliyozidishwa moto kwa maziwa yoyote ya mimea: ikipita nyuzi 70 za Selsiasi oti inanuka uji uliokolea na lozi inajitenga, maji chini, unga juu.

Kingine kidogo ambacho kinaharibu vikombe vingi: boksi halitikiswi. Kalsiamu iliyoongezwa kwenye maziwa haya ni unga mzito unaokwenda chini. Bila kutikisa, wa kwanza anapata maji na wa mwisho anapata chaki. Tikisa kwa sekunde kumi kila unapomimina, hata kama ulitikisa asubuhi. Boksi lililofunguliwa liishe ndani ya siku 7 hadi 10 kwenye friji.

---

Binti_Usambara

Kaka nashukuru sana. Nimeelewa kwa nini kahawa ya baridi hainiletei shida hiyo.

---

Afya_Ughaibuni

Naomba wote tutenganishe mambo mawili, maana humu yanachanganywa na mojawapo linaua.

Kutovumilia laktosi ni tumbo kukosa kimeng'enya cha kukata sukari ya maziwa. Watu wazima wengi duniani wako hivyo, karibu theluthi mbili. Sisi wa Afrika Mashariki tuna pande zote mbili: utafiti wa mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake, uliochapishwa 2007, ulikuta kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya badiliko la kijenetiki liitwalo C-14010 linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani, na si lile la Wazungu wa kaskazini. Ndiyo maana ndani ya ukoo mmoja uliochanganya, huyu anakunywa lita na yule anaumwa kwa kikombe. Mtu wa laktosi akipata tone la maziwa kwenye jagi ambalo halikuoshwa vizuri, kwa kawaida hatajua hata.

Mzio wa maziwa ni kinga ya mwili kupambana na protini, kaseini na ile ya maji ya mtindi (whey). Kiasi kidogo kinaweza kufunga koo. Mtu huyu, au mtoto huyu, asitegemee late ya oti kutoka duka lolote linalochemsha maziwa ya ng'ombe kwa bomba lilelile la mvuke. Bomba mara nyingi linafutwa kwa kitambaa kilekile. Jagi linasuuzwa tu. Blenda ya vinywaji vya barafu ndiyo mbaya zaidi. Maduka yenyewe yanaandika wazi kwamba hayawezi kuahidi usafi wa mzio.

Kwa mtu wa mzio kilicho na hatari ndogo ni vitu visivyopita bombani wala kwenye blenda: kahawa nyeusi ya kuchujwa, chai ya pakiti kwa maji ya moto, kahawa ya kulowekwa baridi, espreso peke yake juu ya barafu. Maziwa ya mimea yamiminwe kutoka kwenye boksi, baridi, moja kwa moja kikombeni. Na dawa ya dharura iwe mfukoni.

Kuhusu karanga na jamii yake: mwenye mzio wa lozi asisahau kwamba lozi inapita kwenye majagi hayohayo. Nazi, FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani) waliiondoa kwenye orodha yao ya njugu za miti Januari 2025, lakini kama daktari wako alikukataza nazi, endelea kumsikiliza daktari.

---

Kahawa_Tupu

Afya_Ughaibuni umesema jambo zito. Naongeza hapohapo kuhusu ule unga mweupe wa kopo unaokaa ofisini, misikitini, makanisani na hotelini, ulioandikwa kwa Kiingereza kwamba si bidhaa ya maziwa. Mingi ina kaseinati ya sodiamu, ambayo ni protini ya maziwa. Coffee-mate ya unga ya Marekani ni mfano. Sheria ya huko inaruhusu maneno hayo mbele ya kopo, lakini inalazimisha kwamba nyuma, kwenye viambato, kaseinati iandikwe imetokana na maziwa. Mtu wa laktosi anaweza kuunywa bila shida. Mtu wa mzio hapana, na anayefunga vitu vya wanyama pia hapana.

Kwa hiyo soma nyuma ya kopo. Maneno ya kutafuta: kaseini (casein), kaseinati (caseinate), maji ya mtindi ya unga (whey powder), maziwa ya unga (milk powder), laktosi (lactose). Kwenye chakula cha pakiti Marekani, tangu 2006 maziwa lazima yatajwe waziwazi kama kizio. Kikombe ulichochanganyiwa kaunta hakina karatasi hiyo, ndiyo maana inabidi uulize.

---

Donati_na_Chai

Na donati jamani? Mnazungumza kahawa tu. Dunkin' hakuna donati hata moja isiyo na maziwa?

---

Mtaa_wa_Worcester

Kwa Marekani, hakuna. Donati za Dunkin' zina maji ya mtindi ya unga au maziwa ya unga ndani ya donge lenyewe, kwa hiyo kuomba isiyo na glezi hakusaidii. Krispy Kreme za Marekani ni hivyohivyo. Uingereza ni habari nyingine: Krispy Kreme wa huko walitoa Original Glazed isiyo na kitu cha mnyama Januari 2022. Msichukue picha za Uingereza mkazipeleka kaunta ya Boston.

Sababu za kiwanda zinaeleweka. Maziwa ya unga kwenye donge la donati yanaleta rangi ya kahawia haraka kwenye mafuta, yanalainisha, na yanaifanya donati isikauke mpaka jioni. Ukiyaondoa lazima uweke kitu kingine kwa kila kazi.

Kinacholika pale Dunkin' kwa asiyekula maziwa ni bageli ya kawaida, viazi vya hash brown, na mkate wa parachichi. Bageli iombe bila siagi na bila jibini la krimu, na zile zenye jibini ziepuke. Mwenye mzio akumbuke pia kwamba mashine ya kuchomea ni moja.

---

Donati_na_Chai

Basi bora mandazi ya nazi nyumbani.

---

Tui_la_Kwanza

Na mandazi ya nazi, ndugu yangu, kwa asili yake hayana maziwa ya ng'ombe kabisa. Tui linafanya kazi zote mbili, mafuta na harufu. Kwa unga wa ngano nusu kilo: tui zito mililita 250 la vuguvugu, sukari gramu 80, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai na nusu, iliki nusu kijiko, chumvi ya kuonja. Kanda dakika 10, acha liumuke saa moja, sukuma unene wa sentimita 1, kata, pumzisha dakika 15, kaanga mafuta yakiwa nyuzi 175 za Selsiasi. Yakiwa baridi mandazi yananyonya mafuta, yakizidi yanaiva nje ndani mabichi.

Ila niwaonye waliozoea tui: maziwa ya nazi ya Starbucks na Dunkin' si tui. Ni maji mengi, nazi kidogo, na gundi za kuyashikilia yasijitenge. Ukiagiza ukitegemea ule uzito wa tui la kwanza utasikitika. Na ukifanya kinyume, ukatia tui halisi kwenye kahawa ya moto nyumbani, mafuta yatapanda juu yawe vidoto vya kung'aa. Dawa: punguza tui moja kwa maji matatu, pasha bila kuchemsha, piga kwa blenda sekunde 20 pamoja na kahawa yenyewe, kunywa mara moja. Baada ya dakika tano yanaanza kujitenga tena.

---

Shida_ya_Oti

Mkuu Tui, na oti ya nyumbani je? Nikitia kwenye kahawa inavuta kama mlenda.

---

Tui_la_Kwanza

Huo ni uji. Wanga wa oti huanza kuvimba na kuvuta ukifika kama nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi. Kiwandani vimeng'enya vimeshaukata wanga huo, hivyo hauvimbi tena. Yako bado ina wanga mzima, ndiyo maana unapata mlenda kwenye kikombe cha moto.

Ukitaka kupunguza: oti zilizopondwa gramu 100 kwa lita moja ya maji ya barafu. Blenda sekunde 30 tu, zisizidi, maana blenda nayo inapasha na inavunja punje mpaka wanga wote unatoka. Chuja kwa kitambaa bila kukamua. Watu wengi wanaharibu hapo kwenye kukamua. Ikae friji saa mbili, mimina ya juu, acha ule unga mzito uliotuama chini. Tumia kwa kahawa ya baridi. Kwa ya moto nunua boksi, au tafuta unga wa kimeng'enya cha amilesi wanaouza kwa watengeneza pombe za nyumbani, uufuate kwa vipimo vya pakiti yake.

---

Msukuma_wa_Toronto

Kanada mmetusahau. Tim Hortons huku ndiyo Dunkin' yetu. "Double-double" ni krimu mbili na sukari mbili, kwa hiyo ukiitamka kwa mazoea umeshaagiza ng'ombe. Kinywaji chao cha French Vanilla kinatoka kwenye mashine ya unga, na unga wenyewe una maziwa. Hakuna boksi la oti linaloweza kukirekebisha. Iced Capp, kahawa yao ya barafu, kwa kawaida hutengenezwa na krimu. Kahawa nyeusi au chai yenye lozi au oti ya boksi, hapo uko sawa. Timbits (vidonati vidogo vya mviringo) na donati zihesabuni kama za Dunkin'.

---

Kahawa_Tupu

Asante Msukuma, nimeiongeza kwenye daftari.

---

Zamu_ya_Asubuhi

Swali la mwisho kwangu. Dirisha la magari, saa moja asubuhi, foleni nyuma yako, na Kiingereza cha haraka. Oda mtu aitoe kwa mpangilio gani isikosewe?

---

Jagi_la_Mvuke

Mashine ya kaunta ina mpangilio wake: saizi, moto au baridi, kinywaji, maziwa, ladha, kisha vya juu. Ukisema kwa mpangilio huo mhudumu anabonyeza unavyotamka na hana cha kurudi nyuma kutafuta. Mfano wa Dunkin': ya kati, ya baridi, kahawa, oti, Hazelnut Shot, juu usiweke kitu. Mfano wa Starbucks: Grande, ya moto, late, soya, joto nyuzi 130, bila povu tamu.

Usianze na "bila maziwa". Kwa mhudumu hiyo ni kahawa nyeusi, na neno la oti likija baadaye linakutana na oda iliyoshafungwa. Kama ni mzio, neno hilo ndilo litangulie kabla ya saizi, kwa sauti, maana linabadilisha jagi atakalolishika.

Kisha oda isome kwenye skrini ya oda kabla ya kusogea. Ukipokea kikombe, soma karatasi iliyobandikwa ubavuni: jina la maziwa limechapwa hapo. Kama limechapwa la ng'ombe, rudisha hapohapo dirishani ukiwa bado hujagusa mfuniko, wakitengeneze upya. Ukitaka kukwepa foleni ya maneno, weka oda kwenye programu ya simu usiku, ihifadhi kama kipenzi, na asubuhi bonyeza mara moja. Ila ikague upya kila msimu mpya wa vinywaji, kwa sababu kinywaji cha msimu kikiondoka na kingine kuingia, ladha na vya juu vinakuja na mpangilio wao wa kiwandani.